Nangoja ishara na siku zinakwisha

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja barua itakuwa yangu. Nina miaka 37, ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa na tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo 5. Tunaishi na mama mkwe, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Usiku huamka akaita majina ya watu waliokwisha kufa. Mimi ndiye ninayemrudisha kitandani, maana mume wangu akimkaribia humfukuza akidhani ni mgeni.

Miaka mitatu iliyopita niliomba nafasi ya kusomea elimu maalumu. Niliomba kwa sababu ya mtoto mmoja darasani kwangu asiyesikia vizuri, ambaye alikuwa akinitazama mdomo tu, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Ila hiyo ni hadithi nyingine. Sikujibiwa, nikasahau. Mwezi uliopita barua ikaja: nimekubaliwa. Masomo ni ya miaka 2, chuo kiko mbali, nitakuwa narudi nyumbani likizo tu, na mshahara utapunguzwa muda wote huo. Natakiwa nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Zimebaki siku 19.

Mume wangu anasema, "Mungu amekupa akili, itumie. Ukienda tutajipanga, usipokwenda pia tutaishi." Najua wapo wanawake ambao wangefurahi kusikia hivyo. Mimi nilitamani aseme nenda, au aseme usiende, nijue moja.

Tatizo langu si chuo, Mama. Tatizo ni kwamba sijui Mungu anataka nini, na nimeapa sipigi hatua mpaka anionyeshe.

Nina daftari ninaloandika kila kitu kinachoweza kuwa ishara. Nilifumba macho nikafungua Biblia, kidole kikaangukia Luka 24, "kaeni humu mjini". Nikasema basi, nabaki. Kesho yake nikarudia ili nihakikishe, nikapata Mwanzo 12, "Toka wewe katika nchi yako." Siku ya tatu nilipata orodha ya majina kwenye Mambo ya Nyakati, nikaacha. Katika kikundi chetu cha maombi dada mmoja akaniambia ameona mlango umefungwa na nje kuna giza. Wiki iliyofuata kaka mmoja wa kikundi hicho hicho akaona barabara nyeupe. Wote wawili ni watu wa maombi, siwezi kusema mmoja anadanganya.

Jumanne iliyopita nilimwekea Mungu sharti, anisamehe. Nilisema simu yangu ikilia kabla ya saa sita mchana, naenda. Nikaiweka mezani nikakaa kuitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Saa tano na dakika hamsini ikalia. Namba siijui. Nikapokea mikono ikitetemeka. Ilikuwa sauti ya mzee: "Mwanangu, ni mimi baba. Mbona siku zote hizi hupokei?" Nikamwambia amekosea namba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi samahani, mama." Nikakata simu, nikakaa pale nikalia. Sasa hiyo ni simu imelia, au haikulia?

Kinachonitia hofu zaidi ni jambo la miaka sita iliyopita. Rafiki yangu alinishawishi tukope tufungue karakana ya kushona sare. Nilifunga siku tatu, nikapata amani kubwa moyoni, nikajua Mungu amekubali. Niliwahi kuona daftari lake la hesabu lina kurasa zilizochanwa, lakini nikajiambia amani hii inatoka kwa Mungu, siwezi kuivuruga kwa maswali. Nilitia saini. Baada ya miezi minane alitoweka na fedha zote, nami nikalipa deni peke yangu kwa miaka minne. Tangu hapo siujui tena moyo wangu. Kama ile haikuwa sauti ya Mungu, nitaitambuaje safari hii? Na kama ilikuwa yake, kwa nini aliniongoza shimoni?

Siku hizi hata nguo ya kuvaa naiombea. Nikivaa ya bluu nawaza labda alitaka nivae ya kijani. Najua ni upuuzi, lakini siwezi kuacha. Silali vizuri. Nisaidie.

Mwenye Daftari

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa usiku huo wote, unaomlaza mama mkwe halafu wewe mwenyewe usingizi unakukataa.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona mwalimu anayeuliza aende chuo au abaki. Mara ya pili nikaona mtu aliyetafunwa na nyoka, ambaye sasa hata unyasi humshtua. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikapiga mstari chini ya maneno yaliyonisimamisha, na mstari wa kwanza ulikuwa chini ya haya: "Ila hiyo ni hadithi nyingine."

Hivi kweli ni nyingine? Umeandika kwa kirefu juu ya simu, mlango wenye giza, barabara nyeupe na kidole kwenye kurasa. Mtoto aliyekutazama mdomo umempa sentensi moja ukamfukuza. Mama mkwe, ambaye katika nyumba nzima amebaki kukutambua wewe, naye amepata sentensi chache tu. Sisemi kwamba mtoto ni ishara ya kwenda, wala kwamba bibi ni ishara ya kubaki. Nasema hao wawili ndio maisha yako, na katika daftari lako sidhani kama wamo. Unamtafuta Mungu kwa bidii mahali pa ajabu ajabu. Sijui kama umewahi kumtafuta mle ambamo moyo wako umekwisha kuguswa.

Twende kwenye jeraha, maana nadhani ndilo linaloshika usukani. Unauliza: kama ile amani ilikuwa ya Mungu, kwa nini aliniongoza shimoni, na kama haikuwa yake, nitamtambuaje? Mimi nakuuliza kuhusu zile kurasa zilizochanwa. Uliziona. Jicho lako lilizisoma, akili yako ikasita, ukainyamazisha kwa jina la amani. Sisemi hivi ili nikuongezee mzigo. Aliyeiba ni rafiki yako, si wewe, na deni la mtu mwingine umelibeba miaka minne bila kumtupia mtu. Lakini umetoka kwenye mkasa ule na somo moja, kwamba moyo wako haufai kuaminiwa. Huenda kulikuwa na somo jingine: kwamba ulionywa kwa njia ya kawaida kabisa, na wewe ulikuwa ukingoja njia isiyo ya kawaida.

Nayo amani, tusiikuze kupita kiasi. Yona alikuwa anamkimbia Mungu, bahari imechafuka, mabaharia wanatupa shehena majini, na yeye yuko chini melini amelala usingizi mzito. Utulivu aliokuwa nao! Sasa mtazame Yesu Gethsemane, ambaye hakuna Mkristo anayedhani alikuwa nje ya mapenzi ya Baba usiku ule. Luka anasema alikuwa katika dhiki, hari yake, yaani jasho, ikawa kama matone ya damu. Kwa hiyo moyo kutulia peke yake hakuthibitishi, na moyo kutetemeka peke yake hakukanushi. Unaweza kuogopa chuo na chuo kikawa chako. Unaweza kuogopa chuo kwa sababu kweli hakifai mwaka huu. Hofu ni hofu tu, haina mhuri wa mtu.

Lakini umeuliza swali gumu zaidi, nalo sitaki kulirukia: je, mtu anaweza kuongozwa vizuri na bado akaumia? Fungua Matendo 16, ila safari hii ufungue macho. Paulo na wenzake wanataka kuhubiri Asia, jimbo la Warumi la siku zile, Roho anawakataza. Wanajaribu Bithinia, hawaruhusiwi. Wanafika Troa, na usiku Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie. Hii ni ishara ambayo wewe ungeiandika kwa wino mwekundu. Wakavuka. Na mara wakafika Filipi, yule mtu wa Makedonia haonekani popote. Wa kwanza kuitikia ni mwanamke, Lidia, muuza rangi ya zambarau, tena mwenyeji wa Thiatira, mji uliokuwa katika Asia ile ile waliyokatazwa. Baada ya siku kadhaa Paulo na Sila wamechapwa bakora na miguu imefungwa kwenye mkatale. Kama kipimo cha kuongozwa na Mungu ni mambo kwenda vizuri, basi usiku ule gerezani wangekuwa na haki ya kusema walisikia vibaya.

Kuna jambo dogo zaidi humo ninalolipenda. Maono aliyaona Paulo peke yake. Lakini mwandishi anapoeleza uamuzi hasemi Paulo alijua. Anasema "tuliona hakika". Mmoja aliona, wote wakakaa wakapima. Linganisha na kikundi chako cha maombi: dada ameona, kaka ameona, kila mmoja amekukabidhi picha yake akaenda zake, na wewe umebaki katikati na mlango mkononi huu na barabara mkononi ule. Sijui walichoona, na siwasemi vibaya. Ila kuna kisa katika 1 Wafalme 13 ambacho hakihubiriwi sana. Mtu wa Mungu alikuwa ameagizwa asile chakula wala asinywe maji mahali fulani. Nabii mzee akamwambia malaika amemruhusu arudi ale kwake; akamwamini, akarudi, na njiani simba akamwua. Mzee yule alikuwa nabii kweli. Siku ile tu alisema uongo. Kwa hiyo unayo haki ya kumheshimu mtu wa maombi na bado ukamwambia, "Asante dada, nitalipima." Na ukitaka kujua kama anakupenda kwa dhati, mwombe akae na mama mkwe usiku mmoja, kisha aje tena akueleze kuhusu mlango. Samahani, hilo limenitoka.

Kuhusu sharti la simu, najua ulimfikiria Gideoni na ngozi yake ya kondoo, aliyoiacha nje usiku akamwomba Mungu ishara ya umande juu yake. Wengi wetu humfikiria. Ukisoma polepole Waamuzi 6 utaona kwamba Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa la kufanya. Yeye mwenyewe anasema "kama ulivyonena". Ngozi haikumpa habari mpya. Aliomba kwa kuwa alikuwa anatetemeka, na akiomba mara ya pili anamsihi Mungu asimkasirikie. Mungu akamvumilia, na hilo ni jema kukumbuka kwa ajili yako na simu yako. Lakini tazama sura inayofuata. Watu 32,000 waliomfuata vitani wakapunguzwa hadi 300. Mtu aliyeomba uhakika mara mbili alinyang'anywa karibu kila kitu cha kuegemea.

Nikuulize sasa swali ambalo huenda likakuchoma kidogo, na ulijibu ukiwa peke yako. Unapotamani mume wako aseme nenda au usiende, unapotamani Mungu apige simu kabla ya saa sita, unatafuta mwongozo, au unatafuta mtu wa kubeba lawama endapo mambo yataharibika? Nisingekulaumu kwa la pili. Ukishabeba deni la watu wawili miaka minne, hutaki tena saini iwe yako peke yako. Lakini hayo ni maombi mawili tofauti, na huenda Mungu amelijibu moja huku wewe ukisubiri lingine.

Umesema umeapa hupigi hatua mpaka aonyeshe. Kiapo hicho kina ujanja ndani yake, nao sidhani kama umeuona. Tarehe haijaapa. Siku 19 zitakwisha, na ukikaa kimya chuo kitasoma kimya chako kama "hapana". Hapo utakuwa umeamua, ila bila kuwepo. Huko ndiko ninakoogopa ufike kuliko kwenda au kubaki.

Umenikumbusha Esta, yule malkia Myahudi wa kwenye Biblia. Kitabu chake kina sura 10, na katika maandiko yake ya Kiebrania Mungu hatajwi hata mara moja. Hakuna malaika, hakuna ndoto. Kuna mfalme aliyekosa usingizi usiku mmoja akaagiza asomewe kumbukumbu za utawala, na humo mkawa na jina la Mordekai, ndugu aliyemlea Esta. Mordekai naye, anapomsihi Esta aende kwa mfalme awaombee Wayahudi wenzake wasiuawe, hasemi "Bwana amenena". Anasema ni nani ajuaye kama hukuujia ufalme kwa ajili ya wakati kama huo. Ni nani ajuaye! Esta anaomba watu wafunge siku tatu pamoja naye, kama wewe ulivyofunga. Nilitazamia baada ya hapo sauti ijibu. Hakuna. Mstari unaofuata unasema siku ya tatu alivaa mavazi yake ya kifalme akaenda kusimama uani. Alivaa, binti yangu. Na sidhani aliuliza rangi.

Basi tuzigeuze njia zako tuone zina nini, nami sitakuchagulia.

Ukienda, yapo ambayo utayakosa na hayatarudi. Mtoto wa miaka 5 atakuwa na 7 utakapomaliza. Mama mkwe huenda akafika mahali ambapo hata wewe hakutambui, na inawezekana ukarudi likizo akakufukuza kama anavyomfukuza mwanawe. Mshahara kupungua nyumba itausikia, na wewe una historia na madeni. Msikope ili kuziba pengo kabla hamjapiga hesabu mbili tatu mezani, na safari hii kurasa zote ziwepo. Maneno ya mume wako, "tutajipanga", ni mazuri, lakini bado ni maneno. Mwulize: usiku mama akiamka, nani anakwenda? Anajua majina anayoyaita? Anaweza kuanza kujifunza wiki hii, ukiwa bado upo, akukute umesimama nyuma ya mlango? Nadhani jibu la hapo litakufundisha zaidi ya simu kumi.

Ukibaki, usije ukadhani umechagua lisilo na hatari. Hatari yake huchelewa tu kuonekana. Utamlea mama mkwe kwa upendo mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu, ukiwa umechoka, unaweza ukaanza kumwona kama ukuta uliokuzuia, naye hakukuomba ubaki. Na watakuja watoto wengine wa kukutazama mdomo. Unaweza kuwafaa hata bila cheti, kuna walimu wafanyao hivyo kila siku. Lakini wewe ndiye uliyeona kwamba hujui vya kutosha, ndiyo maana uliomba. Kama ukibaki, ubaki kwa sababu umewachagua watu hawa, si kwa sababu simu ilikosewa.

Kuna njia ya kati ambayo hukuitaja hata kidogo, nami nimeshangaa. Umewauliza chuo kama nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja? Vyuo vingine hukubali, vingine hukataa. Ni barua fupi tu. Lakini jichunguze nayo pia, kwa kuwa kuahirisha kunaweza kuwa hekima ya kumpanga bibi na watoto, au kukawa daftari jipya lenye kurasa za mwaka mzima.

Itakuwaje ukikosea? Nadhani ndani ya barua yako kuna imani kwamba Mungu ameficha jibu moja sahihi kama mtu aliyeficha ufunguo, na usipoupata umekwisha. Huo si Mungu ninayemsoma. Paulo anapoandika kuhusu mjane anayetaka kuolewa tena, anasema yu huru kuolewa na mtu yeyote amtakaye, katika Bwana tu. Ndoa, jambo kubwa namna ile, na neno linalotumika ni "amtakaye". Haiwezekani kwamba mahali fulani Mungu anakuuliza wewe unataka nini, na wewe unamrudishia swali lile lile? Ndugu zetu Waislamu wana sala ya istikhara. Mtu huswali rakaa mbili, kisha humwomba Mungu, kama jambo hili ni la heri amrahisishie, kama ni la shari amwepushe nalo, amkadirie la heri popote lilipo na amridhishe nalo. Wengi hulala wakingoja ndoto, lakini masheikh wengi hufundisha kwamba ndoto si sharti. Ukishaomba, unaendelea na jambo lako. Napenda hasa lile neno la mwisho, amridhishe. Maombi hayaishii kwenye kuchagua.

Daftari usilichome. Ligeuze, uanze kuandika kutokea nyuma. Siku tatu ishi kana kwamba umekwisha kujibu ndiyo: amka hivyo, fundisha hivyo, mlaze bibi hivyo. Kila usiku andika mistari michache. Kisha siku tatu nyingine kana kwamba umebaki. Usiandike ishara, andika kilichobaki moyoni jioni baada ya msisimko kutulia. Namna hii ina historia yake. Mwaka 1521 Ignatius wa Loyola, askari, alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona, Hispania, akalala kitandani miezi mingi. Kutwa aliwaza, mara ushujaa wa vita na kumpendeza mwanamke mmoja wa cheo kikubwa, mara kuishi kama watakatifu aliosoma habari zao. Mawazo yote mawili yalimfurahisha wakati wa kuyawaza. Lakini baadaye aligundua kwamba yale ya kwanza yakiisha humwacha mkavu, na ya pili humwacha na furaha inayodumu. Alipima ladha inayobaki mdomoni. Baadaye alifundisha pia kwamba mtu akiwa katika kiza cha moyo asibadilishe uamuzi alioufanya akiwa na nuru. Kwa hiyo lolote utakaloandika saa nane za usiku, baada ya kumlaza bibi, lisiwe la mwisho. Lisome tena asubuhi.

Na kabla hujaanza hayo yote, kuna la nguo. Umelitaja mwishoni kama mtu anayetaja kikohozi wakati tayari ameshika mlango wa kutoka kwa daktari. Kuomba kabla ya kuvaa si upuuzi. Lakini ukivaa bluu halafu ukateswa na kijani, ukashindwa kuacha, na usingizi ukakukimbia, hapo si imani iliyozidi. Ni wasiwasi uliovaa nguo za imani, na wasiwasi wa namna hii una watu wanaoujua na kuutibu. Tafadhali mwone daktari au mshauri wa afya ya akili, na umwambie kuhusu nguo kama ulivyoniambia mimi. Kama una mchungaji au padri unayemwamini, mwambie naye. Wengi wao wamewahi kukutana na hili. Ukienda kwa daktari humwachi Mungu. Ikibidi kuchagua la kwanza kati ya mambo yote niliyoandika, anza na hili, maana chuo au nyumbani utakwenda na usingizi ule ule.

Limebaki la simu. Uliniuliza kama ililia au haikulia. Sitajifanya najua. Ila nimekuwa nikimfikiria yule mzee. Wewe ulikuwa umekaa na sharti lako mezani, ukiitazama simu. Na mahali fulani baba wa mtu alikuwa ameshika yake, anampigia mwanawe asiyepokea, siku nyingi sasa. Pengine naye alikuwa ameomba asubuhi ile. Alipokea sauti ya mwanamke ikimwambia amekosea, akaomba samahani, akakata tamaa au akajaribu tena.

Hiyo namba bado imo kwenye simu yako?